Jiwe Lililokataa Kushuka

Umewahi kuona jiwe likirushwa juu lisirudi? La Losalini, kwenye hesabu yake, halikurudi, na zoezi la fizikia linakusanywa asubuhi hii. Muhula mzima amehangaika peke yake. Ndani ya basi la kwenda Suva, mji mkuu wa Fiji, Semisi wa darasa lake, ambaye hajawahi kusemezana naye, akachungulia karatasi yake akacheka.

"Dada, jiwe lako limepita mawingu! Juu umeita chanya, basi mvutano wa dunia ni hasi. Alama ya kutoa iko wapi?"

Losalini akaiweka, akakokotoa upya. "Limeanguka! Limeanguka jamani!" Dereva, maskini, akidhani mzigo umedondoka, akageuka akatazama barabara nyuma. "Ila kama chini ndiko kungeitwa chanya, ingekuwa rahisi," Losalini akaongeza.

"Wewe popo nini, unaning'inia kichwa chini?"

"Popo mwenyewe!"

Wakabishana hadi basi likasimama chuoni. Losalini akamvuta shati. "Semisi, tusome pamoja."