Paja la Mbuzi kwa Nyaduoth

Sikilizeni wanangu, Ekuru na wewe Akaale, sogeeni karibu na ngozi hii niliyolalia, na mnisamehe mapema, kwa sababu wosia huu nitausema vibaya. Wazee wenye akili, wakiona siku zao zimekwisha, huanza na ngamia, wakaja kwa mbuzi, wakamalizia na Mungu, na watoto wakaondoka wanajua nani kapata nini. Mimi nitaanza na supu. Kifua hiki kinanipimia pumzi kama muuza mafuta ya taa, na sitaipoteza kwa kuhesabu mifugo ambayo Ekuru ameshaihesabu. Usiangalie chini, mwanangu, nilikuona juzi zizini ukinyoosha kidole.

Haya, ngamia ni wako. Mbuzi walio Lorugum ni wa Akaale, na asije mtu kumwambia kwamba binti aliyeolewa harithi, maana mimi nilipokuwa sijiwezi ni yeye aliyeacha kazi ya ofisini akaja hapa Lodwar kuniosha. Mifugo imekwisha. Sasa tuje kwa nyumba ya mabati iliyo Kakuma kando ya barabara, ambayo kila mmoja wenu ana mpango nayo: Ekuru unataka kuweka simiti, Akaale unataka kuikata vyumba vya kupangisha. Hamtapata. Nyumba ile ilikuwa hoteli ya Nyaduoth na itakuwa hoteli ya Nyaduoth. Mtasema mzee amechanganyikiwa, si yeye mwenyewe aliyeifunga kwa kinywa chake? Ndiyo, ni mimi. Ngojeni. Sababu nitaisema mwisho, kwa kuwa nikishaisema hamtasikia tena jambo jingine.

Nimekula katika hoteli tatu maishani mwangu. Kwingine nilishiba tu. Ya kwanza ilikuwa ya Aregae, hapahapa Lodwar, pale mabasi ya Kitale yalipokuwa yakishusha watu. Aregae alikuwa na benchi mbili, sufuria moja nyeusi, na chai aliyoipika kwa maziwa ya ngamia mpaka ikawa na rangi ya ngozi yangu nilipokuwa kijana. Enzi zile za vumbi basi lilikuwa likifika limechoka kuliko abiria, dereva analala chini yake, na abiria hawana pa kwenda ila kwa Aregae, nasi wa benchini tukapata habari za Kitale kabla chifu hajazipata. Kisha lami ikaja. Tuliipigia makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele, na siku hizi basi linapita Lodwar kama mtu anayekwepa jamaa zake. Aregae alikaa mlangoni mwaka mzima akitazama magari, halafu akaigeuza sufuria chini juu na kuikalia, akafa na hasira zake. Niliwalaumu wakubwa wa Nairobi, nikamlaumu mkandarasi. Na lile basi la haraka nani alilipanda? Nililipanda. Nilimpungia Aregae mkono dirishani.

Ya pili ilikuwa ya Malual, ndani ya kambi ya Kakuma, kibanda cha udongo chenye pazia badala ya mlango. Aliwakaanga samaki wakavu wa Todonyang na vitunguu hadi mtu akasahau kwamba amekuja kumtafuta mbuzi wake aliyeibwa. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, watu wa kambi wakaacha kwanza samaki, kisha vitunguu, kisha wakamwacha Malual. Nilimlaumu kila mtu aliyewahi kuvaa fulana yenye nembo. Lakini siku ya kwanza Malual alipokosa vitunguu, mimi nilikuwa nimeshahamia kwa Nyaduoth.

Ya tatu ndiyo hiyo. Nyaduoth alikuja kwangu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akaniomba nyumba, nikampa kwa sababu sufuria yenyewe ilikuwa inanukia. Alipika kisra, ule mkate wa mtama mwembamba kama karatasi, na nyama ya mbuzi ya kuchemsha ambayo mpaka leo, nikiwa siwezi hata kumeza uji, bado iko ulimini mwangu. Ila si upishi peke yake uliojaza hoteli ile. Mnajua kwetu nyama haigawiwi ovyo: wanaume huketi kwa kufuata rika, na paja la nyuma ni la mzee kuliko wote aliyepo, hata kama mmegombana. Hoteli za mjini zilishaacha mambo hayo, mwenye noti ndiye anayepewa paja, hata awe na meno ya maziwa. Yule mwanamke, Mnuer, mgeni wa juzi, alikaa na marehemu mama yenu mwezi mzima akijifunza nani anaketi wapi na nani anapewa nini, akalijua jambo hilo kuliko ninyi niliowazaa. Mzee akiingia kwake, vijana wanasogea wenyewe. Ndiyo maana wazee wetu walikubali kula benchi moja na wakimbizi, jambo ambalo mikutano yote ya amani, pamoja na soda zake, haikuliweza.

Miaka tisa niliketi mwanzo wa ile benchi, nikila paja na kuwachekesha watu. Hakuna aliyetoka bila kutaniwa. Erupe wa bodaboda nilimwita mjane wa pikipiki, kwa kuwa kila wiki alikuwa anaizika.

Kisha ikaja siku ile. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa mpaka nje. Nyaduoth akatoka jikoni na sinia, akanipita, akaliweka paja mbele ya Erupe. Erupe akaliinua juu kama kombe la mpira, akasema, "Baba Ekuru, leo umestaafu. Pensheni yako inakuja na supu." Hoteli nzima ikaangua kicheko, wenyeji na wakimbizi, hata Adome, mwenzangu wa rika. Wanangu, miaka hamsini nimewacheka watu na sikujua kicheko kina uzito gani kikikuangukia wewe. Nikasimama. Nikachukua kile kigoda changu ninachotembea nacho, nikakigonga kizingitini mara tatu, nikasema, "Nyumba iliyomnyima mzee paja, moto wake na uzimike, na mtu wa kwetu asile humo." Kicheko kikakatika. Erupe akalirudisha paja kwenye sinia bila kuling'ata.

Kesho yake hakuja mzee hata mmoja. Neno la namna ile mnalijua, hata waliosoma chuo hulipita kwa mbali. Baada ya wazee vijana wakaacha, na baada ya vijana wakimbizi nao wakaacha, kwa sababu nani atakula raha mahali ambapo wenyeji wanavuka barabara ili wasipakaribie? Mwezi haukuisha, moto wa jikoni ukazimika. Nyaduoth akaja nyumbani, akapiga magoti mbele yangu, akasema, "Baba, nimekosa wapi? Sema, nirekebishe." Nikamgeuzia mgongo. Lakini kabla ya kugeuka nilimwona macho, na hayakuwa macho ya mtu asiyejua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme. Alingoja, akaona sisemi, akarudi kambini. Sasa anauza mandazi kwenye beseni, juani, yule aliyekuwa akinitengea mimi mahali penye kivuli.

Nami nikabaki nikieleza kila penye watu: mkimbizi hana heshima, unampa nyumba anakunyima paja. Maneno hayo yaliwafaa wengi kuliko nilivyodhani. Nimeyasikia yakirudiwa barazani, nimeyasikia matangani, na siku ile vijana wa mjini na wa kambini walipopigana kisimani nikayasikia yakitoka kwa kijana mwenye rungu, neno kwa neno, hata na ile sauti yangu ya kuchekesha. Watu wakanitazama wakidhani nitajivuna. Sikulala... Akaale, nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa, Ekuru, shika kibuyu hicho kilicho karibu na kichwa changu. Ndani mna maji ya mto Turkwel, na nimeyatemea tumbaku yangu asubuhi hii nikiwa bado na mate. Neno huondolewa na kinywa kilicholitoa, na nikifa nalo nyumba ile itakuwa ya panya milele, hata ukiijaza simiti, haitanunuliwa. Nilitaka niende mwenyewe. Daktari anasema nitafika Kakuma nikiwa mzigo. Kwa hiyo washa pikapu leo, usiniambie habari za tairi. Mpelekeeni Adome maji haya. Alikuwepo, alinisikia nikilitoa lile neno. Ayanyunyize kizingitini mbele ya watu, aseme mzee ameliondoa. Kisha mwiteni Nyaduoth, mumpe ufunguo kwa mikono miwili, na asiwepo mtu wa kumtoa humo maadamu anapika. Siku ya kwanza chinjeni mbuzi wa Lorugum, samahani Akaale, na paja apewe Adome. Erupe aketi mwisho wa benchi, acheke akitaka.

Mimi nizikeni upesi. Msiweke hema la kukodi. Msimlishe mtu wali wa mazishi, ule wali unanitia aibu hata nikiwa hai.

Inama, Ekuru. Na wewe, mama. Akuj, Mungu wetu, awape mvua, awape maziwa... awape watu wa kula nao. Mlango wenu usikose mgeni. Itikieni, semeni ejok. Sisikii. Tena. Haya... imeingia.

Sasa lile la mwisho. Mlikariri hivihivi, mkalisemee pale mlangoni, wazee wote wasikie, na Nyaduoth asikie, maana yeye hangeweza kulisema. Mwanamke, mgeni, mpangaji wangu, nani angemwamini? Asubuhi ya siku ile... hili pengo, hapa, lilikuwa bado na jino, na jino lilikuwa linaniua. Nikapitia mlango wa nyuma, jikoni. Nikamwambia, "Nyaduoth, binti yangu, leo siwezi kutafuna. Paja mpe yeyote umpendaye. Mimi nipe ini." Akanipa. Nikalila palepale, juu ya gunia la makaa... lote.

Nilipokuwa nagonga kile kizingiti, wanangu, mafuta ya ini yalikuwa bado kidevuni.