Marehemu Amelazwa

Kijiweni kwetu Junda, kando ya kinyozi, jina ulilopewa na mamako uliache nyumbani. Mansur ni Bi Bi Si, kwa sababu habari humfikia yeye kabla haijatokea. Kazungu ni Daktari. Aliwahi kuwa bawabu wa zahanati. Hashim mwenye kahawa ndiye pekee tumemwachia lake, maana ukimuudhi unanywa maji. Na yule mwigizaji mkongwe, mzee wa kikohozi kizuri, tunamwita Marehemu. Miaka thelathini anaigiza filamu za televisheni, na katika kila moja anakufa. Ukimwita "Marehemu!" anaitika "Naam!" na kuomba kashata. Jumatatu alishika kifua papa hapa kwenye benchi, akabebwa na tuktuk hadi hospitali. Leo alasiri Bi Bi Si alikwenda kumjulia hali, na amerudi macho mekundu.

— Jamani, Marehemu amekufa.

— Kwani hiyo ni habari? alisema Daktari. Mwaka jana kafa mara mbili, na Ramadhani moja.

— Wallahi safari hii kweli! Nimeonyeshwa mochari kwa kidole.

— Uliingia ukamwona?

— Miye niingie humo? Nimesoma Fatiha langoni, nikarudi.

Hashim aliweka mdila wa kahawa chini.

— Inna lillahi. Nilijua. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu afe kwa uji wa sumu, afe kwa nyoka, aangushwe na mnazi, wadhani vifo vile vyaenda wapi? Vimejaa, vimemwagika.

— Hakuna cha kumwagika! Daktari alipandisha sauti. Mzee yule anafanya mazoezi. Hamkumbuki filamu ya mirathi? Kalazwa kwenye jeneza, siafu akampanda puani, hakupepesa! Mzoea kunyonga kuchinja hawezi: aliyezoea kufa kwa uongo, kwa kweli hajui aanzie wapi.

— Na mochari?

— Mochari ya filamu. Mlinzi ni mwigizaji, wauguzi waigizaji. Hata sisi tunapigwa picha hapa tulipo. Yule aliyenyolewa jana, mbona alikuwa na simu tatu?

Kinyozi alichungulia nje, akarekebisha kola.

— Nyamazeni, alisema Bi Bi Si. Shida ni Izraili. Katumwa Junda mara ngapi, akifika anakuta mzee anakunywa soda na watu wa kamera? Malaika naye ana kazi zake, bwana. Safari hii kasema, potelea mbali, simwachi.

— Astaghfirullah, Mansur!

— Si nimesema tu.

Tulicheka. Mimi nilihuzunika, nisiseme uongo. Yule mzee ndiye aliyekaa nami siku tatu nilipofiwa na mke wangu, na siku zote hizo hakukohoa hata mara moja. Hana mtoto, hana ndugu tunayemjua. Ana sisi na benchi hili.

Hapo akapita Pascalia, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, anayefua mashuka kwenye hospitali ile ile.

— Hamjambo? Mbona kama matangani?

Tukamweleza. Akamgeukia Bi Bi Si.

— Kaka, pale langoni ulisemaje?

— Nilimwambia mlinzi kwa adabu: shikamoo, nimekuja kumwona Marehemu.

— Sasa ulitaka akupeleke wapi, harusini?

Daktari alikuwa wa kwanza kuruka. Hashim akashukuru Mungu kwa sauti, akamimina kahawa ya bure, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Bi Bi Si alijifuta macho kwa kofia yake.

— Msishangilie bado, alisema Pascalia. Wodi ya wanaume imejaa wazee, na wengine hawawezi kusema. Naingia zamu sasa hivi, nitamtafuta kwenye daftari. Jina lake la haki nani?

Tukatazamana.

— Si huandikwa mwisho wa filamu? alisema Bi Bi Si. Yale maandishi yanayopanda?

— Ndiyo. Basi limeandikwa nani?

Hashim alijibu akitazama chini.

— Binti yangu, sisi akishakufa huzima televisheni.