Chupa za Mama Vinzi

Wasikilizaji wapendwa, nivumilieni leo nikisema polepole. Habari hii bado haijaniingia akilini. Mama Vinzi hatunaye. Ijumaa asubuhi alikuwa anapiga pasi nguo za kazini, akakaa chini, hakuinuka tena. Moyo ulisimama. Hivyo tu.

Mama Vinzi alikuwa mtafiti. Alifuga nzi wa matunda, wale wadogo wanaozungukia ndizi mbivu. Ndiyo, alifuga nzi. Alikuwa akipasua buu, akiutoa ubongo wake na kuuangalia kwa darubini. Alitaka kujua kitu kimoja: ubongo unapokua, seli zake zinagawanyika, zinagawanyika, halafu nani anaziambia basi, inatosha? Akaipata jeni inayoziambia. Katika ukoo mmoja wa nzi wake, jeni hiyo ilikuwa mbovu. Seli hazikujua kuacha, ubongo ukavimba. Ukoo mmoja, wasikilizaji. Duniani kote, mmoja. Nao ulitaka kuhamishiwa kila mara kwenye chupa mpya yenye uji wa mahindi na hamira.

Mumewe ananiambia, "Nilikuwa namuuliza, mke wangu, mbona uji wa nzi hauungui, wangu ndio unaungua kila siku?" Akacheka. Kisha akafunika uso.

Maana wiki ile kabati la kukuzia nzi liliharibika kazini. Mama Vinzi akazileta chupa zote nyumbani, akazipanga jikoni. Siku ya msiba, mume akiwa nje na wageni, dada mkubwa wa marehemu akaingia kuchemsha chai. Akaona chupa zimejaa nzi.

"Nikasema, jamani, mdogo wangu alikuwa anaumwa kimya kimya mpaka jikoni kukaoza? Watu wanakuja, watamsema. Nikamwaga maji ya moto. Nikazisugua zikang'aa."

Alikuwa anamfichia aibu mdogo wake, wasikilizaji. Anamfichia aibu.

Jioni mwenzake wa maabara akaja kuzichukua. Akazikuta zimeinamishwa juu ya kitambaa, safi kabisa. Akamweleza dada wale walikuwa nzi gani.

"Hakubaki hata mmoja kule kazini?" dada akauliza.

"Hata mmoja, dada."

Pole, baba mwenye nyumba. Poleni, wenzake wa kazini. Na wewe dada mkubwa, pole mara mbili. Uliosha kwa mapenzi. Miaka yote uliambiwa tu, "Yuko kazini."

Wasikilizaji wapendwa, nikinyamaza, zimeni redio. Mwambie mtu wa nyumbani kwako kazi yako hasa ni nini. Mwonyeshe na kile asichopaswa kukigusa.