Thora Haigh na Simfonia Iliyokataa Kwenda London

Mchungaji, majirani, wanabendi, ndugu na jamaa, kwa niaba ya familia tunasoma maisha ya mama yetu kama alivyotaka yasomwe, yaani bila kupakwa asali.

Thora Haigh alizaliwa tarehe 9 Februari 1931 hapa hapa Crimley, Yorkshire, akiwa kitinda mimba wa mzee Wilfred Lumb, mchimba makaa ya mawe na mpiga tarumbeta wa bendi ya mgodi, na mkewe Bi Ada, na kabla hajajua kusoma herufi alikwisha kujua kusoma noti.

Alisoma shule ya kijiji hiki, na mwaka 1949 akaingia chuo cha muziki, mwaka mmoja baada ya paa la mgodi kumfukia baba yake na wenzake, tarehe 16 Machi 1948. Huko chuoni mwalimu mmoja alimwambia kwamba matarumbeta ni ya barabarani na simfonia ni ya ukumbini, naye akajibu, "Mimi nimezaliwa barabarani, mwalimu, sasa nipitie wapi?" Alihitimu mwaka 1953, na mwalimu huyo hakumpa mkono.

Alirudi Crimley kufundisha muziki shuleni hadi alipostaafu mwaka 1991, na jioni akaiongoza bendi ya mgodi, na kwa kuwa wapigaji wake walikuwa na vumbi la makaa kifuani, kila mmoja alimwandikia kwenye noti mahali pake pa kuvuta pumzi, Albert hapa, Stanley pale, hata msikilizaji akawa anasikia wimbo na vifua vya watu kwa pamoja.

Tarehe 4 Agosti 1956 alifunga ndoa na Cyril Haigh, mpiga ngoma wa bendi hiyo, wakajaliwa watoto wawili, Maureen mwaka 1959 na Keith mwaka 1962. Maureen alikuwa bado tumboni siku ya mashindano ya bendi, tarehe 13 Juni 1959, ambapo waamuzi, kama ilivyo desturi yetu, walifungiwa ndani ya hema wasione nani anapiga, nao wakautangaza utunzi wake kuwa wa kwanza, wakimsifu mtunzi, waliyemdhania mwanamume, kwamba bila shaka amechimba makaa miaka mingi. Walipotoka na kumkuta na tumbo lake, mmoja akauliza Bwana Haigh yuko wapi, naye akamwambia, "Kashika ngoma, mzee. Lete kikombe, miguu inaniuma."

Mwaka 1971 alikamilisha Simfonia ya Zamu ya Asubuhi, kwa ajili ya baba yake na waliofukiwa naye, na ukumbi mmoja mkubwa wa London ukaitaka, kwa sharti kwamba ipigwe na wanamuziki wa huko na zile pumzi ziondolewe, maana kwao zilikuwa kasoro. Alikataa. Walimrudia mara kadhaa, wakamwambia atakufa bila kujulikana, naye akasema, "Crimley wananijua. Tukiingia, tunaingia wote na vifua vyetu, la sivyo kaeni na mlango wenu." Ilimuuma, tusidanganyane, kwa sababu aliitamani sana siku ya kuisikia ikipigwa London, na aliulilia uamuzi wake, lakini hakuubadilisha. Mgodi ulifungwa mwaka 1986, Cyril akafariki mwaka 1998 kwa vumbi lile lile, na bendi ikaendelea.

Mwaka 2016 alipata kiharusi kilichochukua mkono wake wa kushoto, akasema wa kulia unatosha kukataa, na tarehe 3 Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka 88, alifariki nyumbani kwake, Maureen na Keith wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa mgonjwa mbishi, majirani waliopokezana kumpikia, walimu wenzake, na wanabendi wote. Tunamshukuru pia mgeni wetu kutoka ukumbi ule wa London, aliyekaa safu ya tatu, aliyefika kwetu juzi kuiomba simfonia ili ipigwe huko kwa kumbukumbu ya mama, na wapigaji wao, na noti zikiwa zimenyooshwa kidogo tu, yaani bila zile pumzi. Karibu sana, bwana, chai ipo na nyama ya paja la nguruwe ipo, kula ushibe, lakini jibu ni lile lile alilowapa mama.

Sasa bendi ya Crimley, wajukuu wa waliofukiwa, itapiga simfonia yote humu kanisani, na mahali palipoandikwa pumzi ya Wilfred Lumb, watanyamaza wavute hewa, kama alivyoagiza bintiye.

Lala kwa amani, mama. Vijana, inueni matarumbeta.