Boliti Tisini na Sita za Nguzo ya Kati

Aliyeandika kwenye kadi ya mwaliko kwamba Fundi Chaki "anastaafu kwa hiari yake ili apumzike" na ajitazame kwenye kioo kabla hajaingia ukumbini. Mtu umemwandikia barua ya kumtoa, umempa siku kumi na nne afungashe, kisha unamwekea maneno mdomoni? Hata mjukuu wangu wa chekechea akivunja kikombe husema ni yeye aliyekiangusha.

Haya, nifanye nililotumwa. Fundi Chaki, msimamizi wa ukazaji wa boliti katika kampuni yetu ya madaraja ya chuma, ametumika hapa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Anaondoka Ijumaa hii, tarehe thelathini, miaka miwili kabla ya wakati wake. Mimi ni mtunza stoo ya vifaa. Nilimtangulia hapa kwa miaka mitatu, kwa hiyo ofisi ikaniagiza niandike wasifu wake wa kugawiwa kwenye hafla ya kumuaga, "mfupi na wa kuchekesha, Bibi." Shule niliishia darasa la nne. Huo ufupi nitajitahidi.

Alikuja mwembamba kama mti wa ufagio, suruali kaifunga kwa waya, akapewa kazi ya kupandisha ndoo za boliti. Siku ya kwanza alipanda na ndoo, akafika juu, akaangalia chini, akakumbatia nguzo na kukataa kuteremka mpaka wakati wa chakula. Tulimcheka wiki nzima. Siku ya pili alipanda tena, na tangu hapo hakuna aliyepanda sana kumzidi. Fundi aliyemlea alimfundisha kugonga kila nati kwa nyundo ndogo na kutega sikio. "Iliyokazwa inalia, Bibi," alikuwa akiniambia, "iliyolegea inakohoa." Mhandisi mmoja wa tai alimbishia kwamba huo ni ushirikina. Chaki akamfunga macho kwa kitambaa, akamgongea nati kumi. Yule bwana akaitambua mbovu mwenyewe, na tai yake akaitia mfukoni.

Jina lake limetokana na kazi. Mihimili miwili ya daraja inapokutana, hubanwa kwa mabamba ya chuma, na mabamba hubanwa kwa boliti. Boliti hizo hukazwa kwa spana ya kipimo, ndefu kama mguu wa mtu mzima, inayoonyesha nguvu iliyoingia. Nati ikishakazwa, Chaki alikuwa akichora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na mtu aliyesimama chini anaona. Mwanzoni alitumia chaki. Mvua ikawa inaifuta, akahamia rangi ya njano, ila jina likabaki.

Ugonjwa huo akaupeleka nyumbani. Alichora mstari kwenye mtungi wa gesi, kwenye bomba la tangi, kwenye miguu ya kitanda. Mkewe, ambaye ni rafiki yangu, alikuja stoo siku moja kaniletea karanga, akaniambia, "Dada, nikigeuka usingizini asubuhi nakaguliwa." Harusi ya binti yao ilichelewa saa nzima kwa sababu baba wa bibi harusi alikuwa chini ya jukwaa la wapiga muziki na spana mkononi. Bwana harusi alisubiri. Angefanyaje?

Madaraja kumi na moja yamepita mikononi mwake. Tisa yamesimama bila neno, na la kumi na moja nitalifikia. La saba nalo limesimama, lakini lina neno, na hapo ndipo kuchekesha kunapokwisha. Nilimuuliza kama niliandike. Akajibu, "Liandike, Bibi. Na usiweke upepo."

Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kulitazama daraja la saba, na kiungo kimoja kilikuwa na boliti zilizoshikizwa kwa mkono tu. Mhandisi wa siku zile akamwambia Chaki achore mistari kwanza, ili kiungo kionekane kimekwisha, watakaza wageni wakishaondoka. Chaki akachora. Wageni wakala muda, saa za kazi zikaisha, zamu zikabadilishana. Zamu ya pili wakatazama juu, wakaona njano imenyooka, wakajua kazi imekwisha. Kreni ikaachia mhimili. Kiungo kikateleza kiasi cha upana wa kiganja, hakikuzidi hapo, na jukwaa la mbao likamwaga watu wawili. Mmoja alivunjika nyonga, mpaka leo anatembelea fimbo. Wa pili alikuwa ndugu mdogo wa mke wa Chaki, fundi wa kuchomelea, mtu mpole tuliyemwita Kimya. Alifia pale pale, kofia yake ngumu ikiwa bado kichwani, haina hata mkwaruzo.

Kwenye kikao cha uchunguzi Chaki alisimama bila kuitwa. Akasema, "Ile mistari niliichora mimi, kabla ya kukaza." Mwenye kikao akamwambia, kaa chini mzee, una msiba. Ripoti ikaandikwa upepo. Upepo gani? Siku hiyo nilikuwa nimeanika ovaroli arobaini kwenye kamba nyuma ya stoo, na hata mkono mmoja haukupunga. Daftari langu nalo lilionyesha kwamba spana ya kipimo haikutoka stoo siku ile. Sikuulizwa, nami sikulipeleka. Nilikuwa na watoto wanne na woga wa kutosha watu kumi. Hilo ni langu, simtwiki mtu.

Mkewe alimpikia, akamfulia, na akampa mgongo mwaka mzima. Siku aliyomsemesha tena alimwambia maneno machache: "Kwa mkono wako asife mwingine." Chaki hakuomba kuhamishwa wala hakuacha kazi. Alibadilisha utaratibu. Tangu hapo anayechora mstari ni yule yule aliyeshika spana, na mwenzake asimame kando akisoma kipimo kwa sauti. Vijana walinung'unika kwamba mzee anawakalisha juani. Wakalishwe. Miaka kumi na tisa hakuna mama wala mke aliyeitwa kuja kutambua kofia.

Sasa daraja la kumi na moja, hili linalofunguliwa Jumatatu. Spana ya kipimo tunayo moja tu. Ya pili iliharibika mwaka juzi, na ombi la mpya bado linatembea kutoka meza hadi meza. Hiyo moja ilipelekwa kukaguliwa usahihi wake tarehe tatu, ikarudi tarehe ishirini na moja. Nimeandika mwenyewe ilipotoka na ilipoingia, na dereva katia sahihi. Lakini fomu ya kiungo cha nguzo ya kati inasema boliti tisini na sita zilikazwa kwa kipimo tarehe tisa. Kwa spana ipi? Waliokaza wametumia spana ya kawaida na nguvu za mikono, kisha wakachora njano safi kabisa. Mimi siwalaumu wao, waliambiwa wawahi, na Chaki hakuambiwa.

Chaki alipanda, akagonga. Akateremka uso umemwiva, akapita stoo bila salamu, jambo ambalo hajalifanya toka nimfahamu. Fomu ililetwa mezani kwake mara tatu atie sahihi. Mara ya tatu Mhandisi Mkuu aliileta mwenyewe, akamwambia, "Mzee, mistari si ipo?" Chaki akamjibu, "Hata alipokufa shemeji yangu ilikuwepo." Kesho yake barua ya kumpumzisha ikawa tayari, na fomu ikatiwa sahihi na mtu ambaye hajapanda hata ngazi ya dari nyumbani kwake.

Kwa hiyo mnapomkabidhi saa ya ukutani na kumpigia makofi, mjue mnamwondoa kwa nini. Si magoti, kama mnavyonong'ona kwenye kantini. Magoti yake ni mabovu, ni kweli, na anapanda kuwashinda nyote.

Fundi Chaki, kaka yangu wa kazini, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kukosea kosa zito kuliko yeye mwenyewe, akaamka kesho yake akaja kazini kulilinda lisirudi. Stoo itakuwa na ukimya nisioupenda. Nenda kaishi vizuri, ulale usingizi mzima, umwache mkeo ageuke anavyotaka. Binti yako akikuletea wajukuu, wabebe tu, usiwagonge kusikiliza. Afya iwe nawe, na heshima yako iondoke nawe, maana hiyo hatukukupa sisi.

Nawe Mhandisi Mkuu, nakuona umekaa safu ya mbele na karatasi hii mkononi. Mimi ni wa umri wa mama yako, kwa hiyo nisikilize. Jumatatu usikate utepe. Ukitoka hapa leo, piga simu vizuizi viwekwe pande zote mbili za daraja, lisipite lori, lisipite basi, asipite mtu na baiskeli yake. Barua yake uichane, umrudishe kazini mpaka kiungo kile kiishe. Spana iko stoo, na stoo iko wazi. Kesho asubuhi watu sita wapande naye, wabadilishe boliti zote tisini na sita, wakaze moja moja, kipimo kisomwe kwa sauti, na wewe upande nao ukazisikie kwa masikio yako. Viatu vya kupandia nimeshakutengea.