Risala ya Wavuvi wa Mishipi wa Kimanga Juu ya Uzi Uliokatika

Mgeni rasmi, Madame Sabine, Mratibu wa mradi. Watumishi wa ofisi yako. Wakubwa wa mtaa. Mapadri na wachungaji. Ndugu wavuvi na jamaa zenu wote mliofika:

MAKARIBISHO

Sisi wanachama wa Chama cha Wavuvi wa Mishipi wa Kimanga tunakukaribisha hapa kando ya maji, mahali penyewe tunapofanyia kazi. Viti mlivyokalia ni vya kanisa, na turubai linalowakinga jua tumeliazima, kwa hiyo msitudhanie kuwa watu wenye nafasi.

Tulishauriwa, na mtu ambaye hatutamtaja ingawa anakunywa soda yetu sasa hivi, kwamba leo tuseme asante, tuimbe, tupokee katoni na tupige picha. Asante tunaisema, na kuimba tutaimba. Lakini zile katoni zilizo nyuma ya gari lako tumezitazama tangu ulipoingia, na tunaomba utuvumilie kidogo kabla hazijashushwa.

HISTORIA YA CHAMA

Sisi si watu wa nyavu wala wa taa. Tunavua kwa uzi na ndoano, mchana: sangala, kuhe, na mukeke wanapokubali. Mvuvi wa namna hii hana kitu kingine kati yake na samaki ila uzi wake. Ndiyo maana tulipoanzisha chama, jambo la kwanza lilikuwa kumchagua mtunza vyombo, na tulimchagua Gloriose, mke wa Libérat, ambaye wengi wanamwita Mama Délice.

Tulimchagua kwa sababu haamini kitu. Ukimletea uzi mpya kutoka sokoni, anaupitisha kati ya midomo yake polepole akitafuta palipochunika. Fundo analilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo kavu huunguza uzi. Ndoano anazinoa kwa jiwe, anazipaka mawese kidogo zisishike kutu, na uzi anauanika kivulini, kamwe si juani. Mumewe humtania kwamba hata mkate wa Komunyo angeukagua kwanza. Yeye hacheki.

MAFANIKIO

Madame, mafanikio yetu makubwa ni zawadi ya mradi wako wa kiangazi kilichopita. Tulipata fimbo za kuvulia zenye magurudumu ya kuzungushia uzi, tukapata ndoano, na kila mtu bobini yake ya uzi. Picha zilipigwa. Tumeambiwa zilifika mbali.

Siku hiyo Gloriose alikuwa Sange kwa mazishi ya shangazi yake. Katoni zilipokelewa mpakani na Fiston, mdogo wake Libérat, zikakaa nyumbani kwa Fiston, na aliporudi Gloriose alikuta watu wameshagawana na kushuka ziwani. Aliuliza nani alikagua. Akajibiwa kwamba zawadi haikaguliwi.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tutakawia.

Asubuhi moja Libérat alinasa sangala mkubwa. Aliyekuwa naye mtumbwini ni Gaspard, mwenyekiti wetu, aliyekaa hapo mbele. Anasema samaki alichoka, akaletwa hadi ubavuni mwa mtumbwi, fimbo imepinda kabisa, na Gaspard alikuwa ameshanyoosha mkono amshike. Uzi ukakatika pale karibu na ndoano, samaki akaenda nayo. Juu ya ndoano palikuwa na risasi, tunasema risasi ya mvuvi, lile pande zito linalozamisha chambo. Fimbo ilipojinyoosha, pande lile liliruka moja kwa moja na kumpiga Libérat kwenye jicho la kulia. Hospitalini walifanya walivyoweza. Jicho lilikwenda.

Watu walianza kusema. Wengine walisema fundo alilifunga mkewe, na ni kweli, alilifunga yeye. Mama mkwe wake alimuuliza mbele ya wagonjwa wengine kama siku hiyo mikono yake ilikuwa kwenye kazi au kwenye mazungumzo. Gloriose alirudi nyumbani, akachukua fimbo ya mumewe, akakaa nayo chini.

Ncha iliyobaki haikuwa na mikunjo ya fundo lililofunguka; uzi ulikuwa umekatika juu ya fundo. Alivuta uzi wa juu wa bobini: laini, mzuri. Aliendelea kuufungua mpaka akafika chini, akaukwaruza kwa ukucha, ukatoa unga mweupe; na ni huko chini mumewe alikokata kile kipande cha kufungia ndoano. Uzi wa namna hiyo umepigwa na jua muda mrefu. Umekufa, hata kama hauonyeshi. Halafu akafungua gurudumu, akaona kitu cheupe kimegandamana kwenye skrubu. Aliramba.

Chumvi.

Madame, ziwa letu halina chumvi. Mvua zetu hazina chumvi. Vyombo vile vilikuwa vimeshavua baharini, vikachoka huko, vikafunikwa na uzi mpya kidogo kwa juu, vikaletwa kwetu kama vipya. Gloriose hakujua nani alifanya hivyo. Alijua tu katoni zililala nyumbani kwa nani.

Kuanzia hapo alimwangalia shemeki yake kwa jicho jingine. Alikumbuka kwamba Fiston hakuwahi kuitumia fimbo yake ya mradi. Alikumbuka kwamba siku za soko alipanda basi kwenda Sange na mfuko, akirudi hasemi alikotoka. Alipomletea mgonjwa matunda, Gloriose aliyaweka kando, wala mtoto hakumpa. Kwa mumewe hakusema neno, maana mtu aliyepoteza jicho hafai kupotezewa ndugu pia siku hizo hizo, kabla jambo halijajulikana. Lakini moyoni alikuwa ameshamhukumu: Fiston ameuza vyombo vizuri sokoni na kutupa sisi takataka.

Siku ya soko alimfuata. Alipanda basi la nyuma yake, akashuka Sange, akampata kwenye meza ya muuza nyuzi. Mfuko ulikuwa wazi. Fiston hakuwa anauza. Alikuwa ananunua bobini, akizikwaruza moja moja kwa ukucha.

Maneno waliyosemezana tunayaleta kama walivyotuambia wenyewe.

"Ni weye ulibadilisha ule uzi?" Gloriose alimuuliza.

"Minye sikubadilisha, shemeki. Ulikuja vile vile."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile, nilipofungua katoni."

"Na ukanyamaza."

Fiston alieleza kwamba hakunyamaza tangu mwanzo. Alimwambia mtu wa ofisi, yule aliyeleta katoni, kwamba uzi huu umekufa. Mtu huyo alimjibu kwa upole kwamba chama kinacholalamika huwa hakirudi kwenye orodha ya mradi. Fiston akawaza, tukisema zawadi iko mbaya, mradi utahamia kwa watu wa muchele kule Luberizi, na sisi tutabaki mikono mitupu. Basi akaanza kununua uzi mzuri kwa jasho lake na kuubadilisha kimyakimya. Alikuwa akiazima fimbo za watu kwa kisingizio cha kuzisafisha. Ni kweli, wengi wetu tunakumbuka aliziazima, na tulimwona mwema.

"Na ya ndugu yako?" Gloriose aliuliza.

Hapo Fiston alikaa chini, katikati ya soko.

"Yaya, kaka yangu, nilimuweka wa mwisho. Niliogopa watu waseme nimeanza na wa kwetu."

Gloriose anatuambia alikuwa amekuja kumshika mwizi, na moyo ulikuwa umejipanga kwa hilo. Sasa hakujua aupeleke wapi. Mwisho alichukua upande mmoja wa mfuko, Fiston akachukua mwingine, wakatafuta basi.

Jioni hiyo alimweleza mumewe yote. Libérat alisikiliza, akageukia ukuta. Mpaka leo anamla samaki anayevuliwa na Fiston, lakini hajamsemesha. Wote wawili wako hapa, mmoja mstari wa mbele, mwingine amesimama kule nyuma. Hatukuombi uwapatanishe. Hiyo ni kazi yetu.

MAOMBI

Hatusemi ni wewe, Madame. Wala hatusemi si wewe. Kati ya dirisha la ofisi yako na maji haya kuna mikono mingi, na hatujui ni upi uliokwenda baharini. Wewe una njia ya kuuliza. Sisi tukiuliza tunatishwa. Kwa hiyo tunaomba.

Katoni za leo zishushwe hapa, mbele yako, zifunguliwe kabla ya picha. Gloriose atafungua bobini hadi chini. Ataramba magurudumu. Usimwonee aibu, na watumishi wako wasimharakishe.

Mradi ukinunua tena, utuulize kwanza. Uzi wa sangala si wa mukeke, na ndoano ya bahari inampasua mdomo mukeke wetu. Tuchague wenyewe, hata kama vitakuwa vichache.

Libérat asaidiwe matibabu ya jicho lililobaki, ambalo limeanza kutoa machozi. Hili tungeliweka la kwanza, ila yeye mwenyewe alikataa.

Na ombi la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Tupe ruhusa ya kukataa. Sema hapa, kwa mdomo wako, watu wako wakisikia, kwamba tukiona chombo kibaya tunaweza kukirudisha, na jina letu lisifutwe kwa sababu hiyo. Ukilisema hilo, hata gari likirudi na katoni zake zote, tutakuwa tumepokea kitu.

Mungu aliyeumba ziwa hili akulinde barabarani mpaka kwako, awape watoto wako afya, na akufanye uwe vile tunavyotamani kukuamini.

Ni sisi,
Chama cha Wavuvi wa Mishipi wa Kimanga, Uvira.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Alliance, katibu. Gloriose amesimama karibu na gari. Anasubiri neno lako.