Shujaa Aliyeachwa Ofisini

Tramu ya asubuhi ilikuwa ikielekea bandarini Baltimore, vita vya Hitla bado vinaendelea. Mbele yangu baharia alikuwa akisoma kitabu cha katuni cha kikosi cha mashujaa wanaowatwanga Wanazi. Jirani yake, mwanamke mchomeleaji wa meli, beji yake ikisema Thelma, akachungulia. “Huyu dada wa kitabuni ananyanyua vifaru vya vita. Mbona wenzake wamemwacha ofisini?”

“Anaandika kumbukumbu za kikao, dada. Hawataki aumie.”

“Aandike huyo mwenzao anayepaa angani, bwana!”

Mungu anisamehe, nilicheka. Thelma hakucheka. “Msimamizi wangu naye ananihurumia hivyo hivyo. Eti kuanzia leo niache kuchomelea, nikapige taipu.”

“Si kazi nyepesi hiyo? Kubali tu,” baharia akasema.

“Aje juu ya meli anishushe mwenyewe.”

Tramu ikasimama. Alivaa kinyago chake cha kuchomelea humo humo ndani, akashuka.